Mapipa tisa yenye namba, na kwa nini taka za jengo zima ziliishia namba nne

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Mara ya kwanza niliona ni mrefu. Mara ya pili nikawaza kuna mpangaji mwenzangu anaweza kuwa member humu akanitambua. Mara ya tatu nikawaza, akinitambua si ndiyo vizuri? Mara ya nne simu ilizima. Huu ni wa tano, na naupost kabla sijaanza kuwaza upya. Majina nimebadilisha, mengine yote yalitokea.

Ni habari ya mapipa ya taka.

Najua haivutii. Lakini kuna mama mmoja alibakiza siku chache tu kupoteza makazi kwa sababu ya mapipa hayo, na aliyeyapanga ni mimi.

Nianze na mazingira ili tuwe pamoja.

Mimi ni binti, nina degree ya mipango ya mazingira, ajira bado. Kwetu ni Mbuji, ila kwa sasa naishi Mbinga mjini kwenye jengo la mama yangu mkubwa. Ni jengo la apartment tisa, tatu chini, tatu katikati, tatu juu. Yeye mwenyewe anaishi Songea, mimi kaniweka hapo kama msimamizi. Nashughulika na maji, taa za korido, usafi wa ngazi na ugomvi wa sehemu ya kuanikia nguo. Kwa kazi hiyo naishi bure namba moja, jirani na geti.

Wapangaji niliwaambia nafanya kazi na shirika moja la Dar kwa njia ya mtandao.

Si kweli. Ila ukishinda ndani na laptop kuanzia asubuhi, watu lazima waulize, na mimi nikiulizwa ghafla hutoa jibu la kwanza linalokuja mdomoni. Baada ya hapo nililazimika kuliishi hilo jibu. Nilikuwa navaa shati la kola asubuhi ili nikitoka kuchota maji nionekane nimetoka kwenye kikao.

Likumbukeni hilo, litarudi.

Sasa taka.

Zamani tulikuwa na shimo nyuma ya jengo. Kila mtu anatupa, likijaa tunafukia, tunachimba jingine. Hakuna aliyeona ni tatizo, maana wengi tumekulia vijijini milimani. Kwetu Mbuji sikuwahi kuona pipa la taka nyumbani hata siku moja. Maganda, mabua na nyasi vinaenda shambani kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, vinafunikwa na udongo na msimu unaofuata unapanda mahindi juu yake. Tatizo ni kwamba pampasi na chupa za plastiki ukizifunika udongo, msimu unaofuata unazikuta zinakusubiri.

Mvua za mwaka huu zikajaza lile shimo mpaka likafurika. Asubuhi moja nimefungua mlango, nikakuta kandambili ya mtu na maganda ya viazi vinaelea hadi kwenye ngazi ya kwanza.

Bwana afya akaja. Hakuwa mkali. Alisema shimo lifukiwe moja kwa moja, jengo liwe na mapipa yenye mifuniko, na gari la taka litapita Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Kisha akanigeukia.

"Si nasikia wewe binti ndiyo umesomea haya mambo?"

Akaondoka. Mimi nikakaa na hilo swali wiki nzima.

Wakuu, niliandika plan ya kurasa kumi na moja. Kwa ajili ya mapipa. Njia zilikuwa mbili. Ama tuweke mapipa makubwa mawili ya watu wote, ama kila apartment iwe na lake dogo. Nikawaza, pipa la wote halina mwenyewe, litajaa na hakuna atakayejiona anahusika. Nikachagua kila mlango na pipa lake.

Mama mkubwa akatuma mapipa tisa ya plastiki ya kijani, yana mifuniko na vishikio. Nikayapanga mstari mmoja karibu na geti. Nikachukua rangi nyeupe nikaandika namba kubwa, moja mpaka tisa, zinaonekana hata ukiwa barabarani.

Nikaona bado haitoshi. Nikaweka daftari. Kila Jumatatu na Alhamisi kabla ya gari kufika nafungua mfuniko mmoja mmoja, naandika: tupu, robo, nusu, limejaa. Napiga picha. Namtumia mama mkubwa.

Nilijisikia nimepata kazi, nisiwadanganye.

Namba nne ni ya Mama Magreth. Ni mama wa makamo, mtu wa Lipingo kule Ziwa Nyasa, Mwanglikana pekee kwenye jengo lililojaa Wakatoliki. Anauza samaki sokoni. Usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, wakati wote, na mara mbili kwa wiki mbasa wabichi wanaokuja na gari la alfajiri kutoka Mbamba Bay. Anawasafishia pale pale nje ya mlango wake, kwenye beseni, halafu anapiga deki mara mbili kwa sabuni. Ila samaki ni samaki. Ukipita unajua umepita namba nne.

Ilikuwa Kwaresima, na Kwaresima Mbinga bila samaki haiendi. Wale wale waliokuwa wanalalamika harufu kwenye group la wapangaji, Ijumaa jioni walikuwa wanagonga mlango wake na sahani. Nami nikiwemo.

Wiki ya kwanza ya mapipa ilienda vizuri kupita nilivyotegemea. Namba mbili, robo. Namba tano, robo. Namba saba, kidogo sana. Na taka zenyewe zilikuwa za heshima. Ganda la ndizi, pakiti ya sukari, majani ya chai. Nikajiambia, kumbe watu wakipewa vifaa wanabadilika. Hiyo sentensi niliiandika kabisa kwenye ripoti.

Namba nne, limejaa. Juu kuna majivu na magazeti ya zamani, chini harufu. Nafungua, naandika, nafunga haraka.

Hapa inabidi niseme langu.

Mimi natuma maombi ya kazi mengi. Naandika barua, naprint, naona kosa, naprint tena. Karatasi zinajaa. Zamani nilikuwa natupa shimoni na hakuna anayejua ni za nani. Sasa pipa langu ni namba moja, la kwanza kabisa getini, na kila anayeingia anapita hapo. Nikawaza, mtu akifunua akakuta "naomba kazi ya ukarani" mara sita, shirika langu la Dar litakuwa limeishia hapo.

Kuchoma sikuweza, natumia gesi, na moshi ungeleta maswali. Kuchana nilichana. Halafu nikawaza mtu anaweza kuunganisha vipande. Nani atakaa aunganishe? Sijui. Nikaona ya nini kuchana, niache tu, nitafute namna nyingine.

Jumapili moja watu wakiwa misa ya kwanza, nikazitia barua kwenye mfuko mtupu wa sembe, nikaukunja, nikatoka nao. Nikasimama mbele ya yale mapipa tisa. Nikafungua namba nne nikautumbukiza.

Kwa nini namba nne? Kwa sababu hakuna mtu angeweka pua humo kupekua. Ile harufu ilikuwa kufuli.

Nikajiambia karatasi hazina harufu wala uzito, sijamdhuru mtu. Nikajiambia ni mara moja tu.

Jumapili iliyofuata nikarudia. Na ya tatu.

Huku daftari linaendelea. Namba nne, limejaa. Namba nne, limejaa, mfuniko haufungi. Picha zinaenda Songea. Kwenye group watu wameanza. Inzi. Harufu. Watoto wetu. Mwalimu Ndunguru wa namba sita, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu na mtu anayeheshimika, akaandika kwamba "suala la namba nne litazamwe kwa hekima". Mama Kelvin wa namba mbili, mwenye mtoto mchanga, akaweka alama ya dole.

Mama Magreth hakujibu chochote. Alikuwa anasoma, alama za bluu zilionekana.

Jumatatu mchana mama mkubwa akanipigia.

"Picha nimeziona. Wiki ya ngapi hii ni yule yule?"

"Ya nne, mama mkubwa."

"Basi mwandikie barua, mwisho wa mwezi aondoke. Siwezi kupoteza wapangaji saba kwa ajili ya mmoja. Bwana afya akirudi akute hali hiyo nitamwambia nini?"

Nilitaka kusema kitu. Nikawaza, nikisema tumsubiri ataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, ataniuliza nimejuaje. Nikasema sawa.

Niliiandika ile barua kwa dakika ishirini. Ndiyo barua pekee niliyoandika mwaka huu bila kukosea hata neno moja.

Jioni nikaipeleka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pita. Usisimame mlangoni kama mdai."

Alikuwa anasonga. Akanivutia stuli, kabla sijasema neno akaniwekea sahani: ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga na pilipili. Huwezi kumpa mtu barua ya kumhamisha huku umeshika tonge lake. Nikala.

Akawa anaongea tu, mgongo kwangu. Kwamba Magreth yupo mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi na anamlipia kwa hao hao samaki. Kwamba hapa pamemfaa kwa sababu ni jirani na stendi, gari la ziwani likifika alfajiri anapokea mzigo akiwa na kanga na kandambili, saa moja samaki wapo sokoni wakiwa bado wanang'aa. Akikaa mbali wanafika wamelegea, na samaki aliyelegea hanunuliwi na mtu.

"Nimeshahamishwa nyumba mbili hapa mjini," alisema. "Ya kwanza walisema nanuka. Ya pili hawakusema, walinipandishia kodi mpaka nikaelewa. Ninyi mmenivumilia, Mungu awabariki."

Nilimaliza ule ugali wote, nikanawa, nikashukuru. Nikatoka na barua yangu mfukoni.

Sikulala vizuri ila hayo hayawahusu.

Alhamisi ndiyo mambo yakatokea.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, geti lote tope. Gari likaja, maana Jumatatu lilikwama njiani na halikufika. Anayepakia ni jamaa anaitwa Sixbert, mtu wa utani sana. Alipandisha namba moja, mbili, tatu kwa mkono mmoja. Alipofika namba nne akashika kwa mikono miwili, akaguna, akalinyanyua mpaka kifuani, kishikio kimoja kikang'oka.

Pipa likaanguka. Vyote vikamwagika kwenye tope mbele yangu.

Nilitegemea matumbo ya samaki. Yalikuwepo, kidogo, yamefungwa vizuri kwenye magazeti kama zawadi. Vingine vyote havikuwa vya samaki.

Pampasi, nyingi. Vichupa vidogo vya plastiki vya pombe kali, labda kumi. Mifupa ya mbuzi. Nywele za bandia. Sufuria iliyoungua hadi ikatoboka, sijui ni ya nani hadi leo.

Na mfuko wa sembe.

Sixbert alisimama akashika kiuno. "Dada, huyu mama ana umri gani hata avae pampasi?"

Sikucheka. Nikaruka kwenye tope nikauokota ule mfuko nikaukumbatia. Akanitazama.

"Mmh. Na huo una nini?"

"Makaratasi ya ofisi."

"Ofisi ya Dar?"

"Ndiyo."

"Haya." Akachukua koleo akaanza kuzoa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Hili pipa nimelipakia wiki nne. Nikajua ni la jengo zima. Haya mengine nilidhani ni mapambo."

Mimi nilikuwa nimelifungua pipa hilo mara mbili kwa wiki, kwa daftari na kamera. Mzoa taka alijua wiki ya kwanza.

Nikarudi ndani nikakaa sakafuni na ule mfuko. Ndipo hesabu ikaanza kukaa sawa. Yale mapipa ya robo robo hayakuwa mabadiliko ya tabia. Watu walikuwa wanaweka kwenye namba zao vile wanavyotaka vionekane, na visivyotakiwa kuonekana wanavipeleka pale ambapo hakuna atakayechungulia. Sote tulifikia wazo moja, kila mtu peke yake, bila kikao.

Na mimi ndiye niliyewaandikia namba.

Jumamosi mama mkubwa akaja mwenyewe kutoka Songea, maana alipiga simu kuuliza kama barua imepokelewa nikajikanyaga. Akaitisha kikao hapo uani, wapangaji wote, viti vya plastiki. Mama Magreth alikaa mwisho, ametoka sokoni, kanga imefungwa kifuani, mikono juu ya magoti.

Mama mkubwa hakuzunguka. Akasema amekuja kwa sababu ya namba nne.

Watu wakaanza kuongea. Harufu. Inzi. Afya. Kila mmoja kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. Mwalimu Ndunguru akasema hakuna anayemchukia mama, ni suala la mazingira tu. Mama mkubwa akamuuliza Mama Magreth ana lipi la kusema.

"Sina, mama. Nyumba ni yako."

Basi.

Mimi nilikuwa na maelezo tayari kichwani. Nitasema kilichomwagika Alhamisi. Pampasi, mwenye mtoto mchanga ni mmoja tu. Vichupa, kulikuwa na tetesi na kila mtu alizijua. Ningemwokoa kwa sentensi tatu.

Halafu nikamtazama Mama Kelvin, anambembeleza mtoto mgongoni. Nikamtazama Mwalimu, rozari inaning'inia mfuko wa shati. Nikaona kwamba nitakuwa nimefanya kile kile cha daftari, kufunua mifuniko ya watu mbele ya watu. Humo ndani kulikuwa na mfuko mmoja tu niliokuwa na haki nao.

Nikasimama. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Mama mkubwa, namba nne nilikuwa natupa na mimi."

"Unatupa nini?"

"Barua za kuomba kazi." Nikaona haieleweki, nikaendelea. "Sina kazi. Hakuna shirika la Dar. Nilikuwa nazificha humo Jumapili ili msizione. Halafu Jumatatu naandika kwenye daftari kwamba limejaa."

Kuku wa jirani alipita katikati yetu akachakura, akaenda zake.

Nilikuwa nategemea kicheko. Badala yake Mama Kelvin akasema, kama anaongea na mtoto, "Pampasi ni zangu."

Watu wakageuka.

"Mama mkwe aliniambia, cha mtoto mchanga hakiwekwi kwenye kitu chenye namba ya mlango wako. Mwenye nia mbaya hatahangaika hata kutafuta. Nilimwogopa mama mkwe kuliko inzi. Nisamehe, Mama Magreth."

Mtu wa namba nane akakubali mifupa ya mbuzi. Alikuwa amesema hadharani kwamba amefunga nyama mpaka Pasaka.

Mwalimu Ndunguru akakohoa. "Na mimi nina vitu vyangu humo. Ila naomba nisiulizwe ni vitu gani, mpaka Kwaresima iishe."

Hapo ndipo watu walicheka. Hata yeye.

Mama mkubwa hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo jengo zima mnamtupia taka mtu mmoja, halafu mnaniita kutoka Songea nije kumfukuza kwa sababu ananuka?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe," akaninyooshea kidole, "chukua brashi, futa hizo namba leo. Na daftari nipe mimi."

Nikampa. Alilifungua, akasoma ukurasa mmoja, akalitia kwenye mkoba bila kusema neno. Hilo neno ambalo hakusema bado nalisubiri.

Jioni hiyo nilisugua namba zote kwa mafuta ya taa. Mapipa sasa ni ya wote, unatupa palipo na nafasi. Maganda tunayatenga kwenye ndoo, Mwalimu anapeleka shambani kwake, matumbo ya samaki pia, anasema migomba inayapenda. Pampasi zina pipa lake la kufunikwa na hakuna anayejua ni za siku gani wala za nani, japo mtoto mchanga ni mmoja, lakini mmeelewa. Sixbert anasema mapipa yote yana uzito mmoja. Bwana afya alirudi, akaangalia, akasaini, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya nusu saa.

Na ndiyo, nilikuwa na hofu hapo mwanzoni kwamba pipa la wote halina mwenyewe. Bado ninayo kidogo. Likichelewa kuzolewa naanza kuwaza.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu ni kilichofuata.

Baada ya kufuta namba nilienda kumwomba msamaha Mama Magreth peke yake. Nilimkuta anachambua usipa kwenye ungo. Nikaanza hotuba yangu, akanikata.

"Nilijua mwanangu. Tangu wiki ya kwanza."

"Ulijuaje?"

"Mfuko wa sembe. Mimi nakula muhogo, sembe ya dukani nimeinunua lini?"

Akaendelea kuchambua.

"Nilifungua, nikaona karatasi zina jina lako. Nikasema, huyu mtoto anatafuta kazi na hataki watu wajue. Na za wenzako nilikuwa naziona kila asubuhi. Ndiyo maana nikawa namwaga majivu juu, naweka na magazeti."

Wakuu, yale majivu. Mimi niliandika kwenye ripoti kwamba namba nne anachanganya taka na majivu kinyume na utaratibu.

"Kwa nini hukusema, mama? Ungefukuzwa."

"Nimwambie nani? Mtu anayenuka samaki akisema taka si zake, nani atamsikiliza? Na ningesema, ningewaumbua wote. Halafu Ijumaa waje na sahani mlangoni kwangu tutazamane vipi?"

Nikakumbuka kitu. Nilichokiokota kwenye tope kilikuwa ni mfuko mmoja tu, wa Jumapili ya mwisho. "Na zile barua za kwanza?"

Akacheka. "Palipo na jina lako na namba ya simu nilikata nikachoma. Palipobaki ni karatasi nzuri, nyeupe, siwezi kutupa. Nimefungia usipa. Kuna mteja mmoja akaniuliza, mama, huyu anayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu ni nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mimi."

Nusu ya soko la Mbinga limekula usipa uliofungwa kwenye wasifu wangu, wakuu. Siku nyingine jambo hilo lingenilaza macho mwezi mzima. Siku hiyo nilicheka hadi nikashika ukuta.

Kisha nikatoa ile barua ya kumhamisha. Ilikuwa bado mfukoni, imekunjika. Nilikuwa nimeshawaza niichane, niichome, niifiche wapi. Nikampa tu mkononi.

Aliisoma taratibu mpaka mwisho, midomo inacheza. Sikuweza kumtazama.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hii wangekupa kazi."

Akakata kile kipande cha juu chenye jina lake, akakitia jikoni kwenye mkaa. Kilichobaki akakizungusha kikawa bomba, akakunja chini, akajaza usipa, akanipa niende nao nyumbani.

Nilichojifunza sijui kama kinafaa kuitwa funzo. Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka usafi, jua kila taka ni ya nani. Mimi nimejifunza kwamba watu watavumilia mengi, ila si kuonekana kilichomo chini ya mfuniko wao. Kwa hiyo ukipanga mapipa, panga na mahali pa kuficha aibu, la sivyo watu watapatafuta wenyewe, na watapapata kwa yule asiye na wa kumtetea. Na kabla hujaandika jina la mtu kwenye ripoti, mwaga lile pipa kwanza.

Mnaoishi apartment huko mliko, kwenu kila mlango una pipa lake au mnachangia? Na kama mnachangia, nani anahakikisha halifuriki? Nauliza kwa nia ya kujifunza, nimeshaanza kuwaza kuhusu mvua zijazo.

Karibuni. Matusi pia nitasoma, ila taratibu.

NB (nimeongeza baada ya kupost): Kuna jamaa kanifuata PM kuuliza kama bado natafuta kazi. Ndiyo, natafuta. Sasa naweza kusema.